Pasi ya Kona ya Kushoto

Pasi ya kwanza Thad Mabry aliichukulia kuwa makosa ya kawaida ya mchezaji aliyezeeka. Kwenye kioo cha kompyuta, Rozell Pettway, mwenye miaka thelathini na sita, alipokea mpira katikati ya uwanja, akapiga hatua mbili, akageuza kiuno na kuurusha kwa nguvu kwenye kona ya kushoto. Kwenye kona hapakuwa na mtu. Mpira ulitoka nje ukapindua kikombe cha bia cha shabiki wa mstari wa mbele. Thad akaandika kwenye daftari lake: goti zito, macho yamechoka. Akaendelea kutazama.

Pasi ya pili ilikuwa katika mechi nyingine, mji mwingine, mwezi mwingine. Ya tatu vivyo hivyo. Alipofika ya tisa aliweka kalamu chini. Zote zilikwenda mahali pale pale, hatua moja kutoka mstari wa pembeni, usawa wa kifua, laini, jinsi mtu anavyompasia mwenzake asiyemtilia shaka. Na kila mara, kabla ya kuurusha mpira, Rozell aligeuza kichwa kidogo, kama mtu aliyeitwa jina.

Odessa, mke wa Thad, aliingia na sahani ya samaki wa kukaanga na uji mzito wa mahindi. Akaiweka juu ya karatasi za mumewe, kwa sababu meza ya kulia chakula ilikuwa yake na si ya timu.

"Unamtazama mdogo wangu kama daktari anayetazama picha ya mapafu," alisema.

"Nimeambiwa nimtazame."

"Na?"

"Na Alhamisi saa sita mchana rais wetu Gretchen anataka ukurasa mmoja. Tumchukue au tusimchukue."

Odessa alivuta kiti akaketi. Thad alikuwa mkuu wa wasaka vipaji wa Wahunzi wa Toledo, timu ya mpira wa kikapu iliyokuwa ikijengwa upya kwa mwaka wa tatu sasa, maana yake timu iliyokuwa ikifungwa kwa makusudi huku vijana wake wakikua. Timu ya San Diego, aliyoichezea Rozell, ilitaka kumtua kama mzigo. Msimu huu alikuwa analipwa dola milioni thelathini na tisa, msimu ujao arobaini na mbili, naye alikuwa akifunga pointi nne kwa mechi. Wahunzi walikuwa bado mbali na kikomo cha mishahara cha ligi, kwa hiyo waliweza kumbeba. Atakayembeba angepewa na San Diego haki mbili za kuchagua chipukizi katika raundi ya kwanza.

"Huku ana mama," Odessa alisema. "Ana mimi. Kule ana nyumba yenye vyumba tisa na mbwa wa kukodi."

"Dessa, timu si mahali pa kumpumzishia mtu."

"Sijasema apumzike. Nimesema aje nyumbani." Alikitazama kioo, ambako Rozell alikuwa amesimama bila kusogea, mikono bado imenyooka kuelekea kona tupu. "Pale alikuwa anampasia nani?"

Thad alifunga kompyuta. "Kula kwanza," alisema, ingawa sahani ilikuwa yake.

San Diego walifika Toledo Jumapili kwa ajili ya mechi ya Jumanne, na Rozell akapewa ruhusa ya kulala kwa dada yake. Alikuja na gari la kukodi wakati wa chakula cha mchana, theluji ikiwa imefika usawa wa ngazi. Thad alikuwa barazani na koleo la theluji mkononi. Alimwona shemeji yake akizima gari, akishuka, akizunguka mbele kwa ule mwendo wake wa kuburuta mguu, akafungua mlango wa abiria. Rozell akasimama hapo ameshika mlango. Muda wa kutosha mtu kutoa miguu, kuinama asigonge kichwa, kusimama. Kisha akaufunga taratibu.

"Umesahau kitu?" Thad aliuliza.

"Hapana, shemeji. Mzima?"

Mlangoni alikuwa Bi Eulalie, mama yao, mwenye miaka sabini na minane, aliyeishi na bintiye tangu alipovunjika nyonga. Akili yake ilikuwa timamu. Bado alijumlisha bei za dukani kichwani kumshinda karani. Alimkumbatia mwanawe kiunoni, maana ndipo mikono yake ilipofika, kisha akatazama nyuma yake, kwenye ngazi zenye theluji.

"Karibuni," alisema. "Ingieni ndani, baridi inaingia."

Odessa na Thad walitazamana. Mezani kulikuwa na sahani tano. Watu walikuwa wanne. Odessa aliinyakua ile ya tano ili airudishe kabatini, na mama yake akamshika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo Odessa hakujua kuwa bado anayo. Sahani ikabaki. Rozell alikula kichwa kimeinama. Mara mbili alipitisha bakuli la maharagwe upande wa kiti kitupu, na mara mbili Thad akanyoosha mkono mrefu akalipokea ili lisianguke.

Jioni hiyo, kwenye ibada kanisani, mzee mmoja wa kwaya alimshika Rozell bega mbele ya watu. "Ndugu Pettway, milioni thelathini na tisa kwa pointi nne. Hiyo kazi wakiongeza nafasi unikumbuke, mimi nafunga hata sita." Watu walicheka. Mchungaji naye alicheka, kisha akamkumbusha kuhusu paa la ukumbi. Rozell aliandika hundi palepale, amesimama, akitumia mgongo wa kiti kama meza. Bi Eulalie alilitazama jambo hilo lote na hakumpa mchungaji mkono alipotoka.

Jumatatu asubuhi mashemeji hao wawili walikwenda kwenye ukumbi wa mazoezi wa kanisa lilelile. Ulikuwa mtupu, bomba za joto zikigonga ukutani. Thad alimpa mpira, akasimama chini ya kikapu akimrudishia. Rozell alipiga mitupo ishirini kutoka kulia, akakosa miwili. Goti lilikuwa baya lakini mkono ulikuwa mzima.

"Nimehesabu pasi ishirini na tatu," Thad alisema. "Tangu Oktoba."

Rozell aliudundisha mpira. Hakuuliza pasi zipi.

"Mnazisoma vipi huko ofisini?"

"Vijana wa takwimu wameziandika kama mipira iliyopotezwa. Hawajaziweka pamoja. Mimi ndiye nimeziweka pamoja."

"Cleon amekufa, Thad. Najua. Nililibeba jeneza lake, upande wa mbele, kushoto. Usidhani sijui."

Cleon Varner alikuwa amecheza naye misimu minane. Kona ya kushoto ilikuwa mahali pake. Alisimama pale akiita, na mpira ukamfikia kabla mlinzi hajageuka. Miaka mitatu iliyopita gari lake liliteleza kwenye mvua alipokuwa akitoka uwanja wa ndege. Rozell alikuwa kwenye gari la nyuma.

"Sasa kwa nini unampasia?"

"Kwa sababu anaita." Alisema hivyo kama anavyosema mtu kwamba sigara inamkohoza. "Anasema 'Ro', basi. Mara moja. Sauti ileile, haijabadilika. Mkono unatangulia kabla sijafikiri. Mpira ukishatoka ndipo nakumbuka."

Bomba liligonga. Wote wawili waligeuka, kisha kila mmoja akajifanya hakugeuka.

"Kwenye mechi tu?"

"Zamani ilikuwa kwenye mechi tu." Rozell aliketi kwenye benchi akanyoosha mguu. "Shemeji, nisikilize. Ukiandika hilo, hakuna timu itakayonigusa. Watanilipa nikae nyumbani. Nikiwa uwanjani kuna kelele, kuna filimbi, kuna watu elfu kumi na nane, ananiita mara moja moja. Nikiwa nyumbani, kile chumba cha chini, kile cha juu, kule kwenye gari. Hanyamazi. Sitaki kukaa nyumbani."

"Umemwambia Dessa?"

"Mama anajua. Sijamwambia, ila anajua." Alimtupia mpira. "Andika goti. Goti linatosha."

Siku hiyo Odessa alimsubiri mumewe kwenye gereji. Alikuwa amesikia yote kutoka mdomoni mwa Rozell mwenyewe, jikoni, wakati akimkaangia mayai.

"Utaandika nini?"

"Ninalipwa kuandika ninachokiona."

"Na mimi ndiye niliyemlea huyo unayemwona. Mama akiwa zamu ya usiku kwenye kiwanda cha vioo, mimi ndiye niliyekuwa namfungia kamba za viatu. Ukiandika kwamba mdogo wangu anasikia wafu, Thad, jina hilo litamfuata mpaka kaburini kwake. Watalitaja redioni wakicheka."

"Nikificha, halafu akaja hapa, akakaa chumba kimoja na vijana wa miaka ishirini, ikaharibika, nitasema nini?"

"Utasema ni ndugu yako."

"Hilo ndilo watakalolisema kwanza," Thad alijibu. "Bila mimi kulisema."

Hawakuzungumza tena mpaka Jumanne.

Jumanne jioni kocha wa San Diego alimwingiza Rozell robo ya tatu, mechi ikiwa ni kama imekwisha, San Diego wakiongoza kwa pointi ishirini na sita. Baadhi ya mashabiki wa Toledo walimzomea kwa utani, kwa kuwa alikuwa mtoto wa mji. Thad alikuwa juu, kwenye kiti chake cha kazi, Odessa na mama yake mistari minne chini.

Dakika ya tano akiwa uwanjani, Rozell alipokea mpira katikati. Thad alikiona kichwa kikigeuka. Alimwona Bi Eulalie, kule chini, akiinua mkono akiuweka mdomoni. Mpira ukaruka kuelekea kona ya kushoto, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba, kona haikuwa tupu. Desmarion Hatch, mlinzi wa Wahunzi mwenye miaka ishirini, alikuwa amemwacha mtu wake na kukimbilia pale. Aliuwahi mpira kifuani, akakimbia nao peke yake mpaka upande wa pili akafunga. Uwanja ulilipuka. Rozell hakukimbia kurudi. Alibaki amesimama akiitazama kona, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta nyumba yake ina mpangaji mwingine.

Baada ya mechi Thad alimkuta Hatch kwenye ukumbi wa nyuma, miguu ndani ya ndoo ya barafu.

"Ile pasi uliyoikata. Mtu wako alikuwa upande wa kulia kabisa. Ulifuata nini kona ya kushoto?"

"Kulikuwa na mtu, mzee."

"Mtu gani?"

Kijana alifikiri. "Sikumtazama uso. Nilijua tu kuna jamaa yuko wazi, hana mlinzi, nikasema hapa tunapigwa pointi tatu. Nilipofika, hayupo." Alicheka kidogo, kisha akaacha alipoona Thad hacheki. "Labda ni yule Pettway. Yule mzee anatazama, mzee. Alivyoitazama ile kona, mimi mwenyewe niliamini. Mimi macho yangu hayasemi kitu, kocha kila siku ananiambia. Huyu alinionyesha mtu ambaye hayupo."

Thad alitoka nje bila koti akasimama kwenye baridi mpaka masikio yakauma.

Jumatano aliandika ukurasa wake. Uliandikika kwa shida. Mara tatu aliufuta. Mwishowe aliandika kwamba goti lina msimu mmoja, mkono ni mzima, na kwamba mchezaji huyu anaona uwanja kuliko yeyote aliyewahi kumtazama. Aliandika kwamba ana huzuni nzito ambayo hajaimaliza, inayomjia akiwa uwanjani, na kwamba atakayemchukua amchukue akijua hivyo na amtafutie mtu wa kuzungumza naye. Hakuandika sauti. Hakuandika jina la Cleon. Mwisho akaandika: ni mdogo wa mke wangu, nisomwe kwa kuzingatia hilo. Alimsomea Odessa jikoni. Odessa alisikiliza akimenya viazi, akasema, "Sawa," na alipochukua kiazi kingine akaongeza, "Asante."

Alhamisi saa nne asubuhi aliupeleka. Ofisini alikuwepo Gretchen Sauder, rais wa timu, mwanamke mpole wa maneno aliyekuwa akiwapa wafanyakazi maua siku zao za kuzaliwa, na Anand, kijana wa takwimu. Gretchen aliuchukua ukurasa, akausoma mstari wa kwanza, akaulaza mezani.

"Umeandika vizuri, Thad. Ila nikuambie ukweli, kwa haki mbili za raundi ya kwanza ningechukua hata nguzo ya taa."

Anand alitazama viatu vyake.

"Kwa hiyo mmeshaamua," Thad alisema.

"Tangu Ijumaa."

"Mimi Jumamosi ndiyo nilianza kutazama mechi arobaini na mbili."

"Na hazijapotea. Tulihitaji kujua yukoje." Gretchen alisogeza kiti karibu, kama anayetaka kumpa pole. "Hatutamchezesha. Kesho tunataka kukaa naye tuuvunje mkataba kwa makubaliano. Abaki nyumbani, apumzike, na kutoka mshahara wa mwaka wa pili aturudishie milioni kumi na mbili. Wakala wake ni mgumu. Lakini tunadhani akiambiwa na mtu wa familia, mtu anayekula naye meza moja, atalainika. Ndiyo maana tulikupa wewe faili hili."

Chumba kilikuwa na joto sana. Thad alikumbuka kwamba hakuna aliyemwuliza maswali siku zote hizo. Hakuna aliyempigia simu kujua amefika wapi. Alikuwa amejiona anapima mzigo mkubwa, kumbe yeye ndiye alikuwa kamba ya kuufungia.

"Kuna kijana, Hatch," alisema hatimaye. "Juzi nilizungumza naye. Anaweza kujifunza kwa Pettway kitu ambacho hapa hatuna mtu wa kumfundisha."

"Hatuwezi kumweka mtu wa milioni arobaini na mbili kuwa mwalimu."

"Bila malipo basi. Mkishavunja mkataba. Asubuhi, kwenye ukumbi wa kanisa, jina lake lisiwe popote."

Gretchen alimtazama Anand, Anand akainua mabega. "Haigharimu kitu," kijana alisema.

"Na zile milioni kumi na mbili?" Gretchen aliuliza.

"Hizo mtamwomba wenyewe," Thad alisema. "Kwa sauti zenu. Mimi nitamwambia kwamba mnakuja, ili asisikie kwenye redio. Mengine sibebi."

Alifika nyumbani saa sita kasoro. San Diego walikuwa wamemwacha Rozell Toledo kwa kisingizio cha goti, na yeye mwenyewe alishaelewa maana yake. Alikuwa jikoni akimsaidia mama yake kukunja nguo. Thad alimwambia yote akiwa amesimama: kwamba ameuzwa, kwamba hatacheza, kwamba wanataka arudishe sehemu ya fedha, kwamba ukurasa wake haukusomwa.

Rozell alikunja taulo, akalikunja tena dogo zaidi.

"Kwa hiyo ni nyumbani."

"Ni hapa. Chumba cha juu. Na asubuhi kuna kijana anataka kujifunza."

"Hawanilipi kwa hilo."

"Hawakulipi."

"Angalau hapo sitachekwa na kwaya," Rozell alisema, na Odessa, aliyekuwa mlangoni, akacheka kicheko kilichogeuka kikawa kitu kingine kabla hakijaisha. Saa tisa alasiri biashara ilitangazwa. Simu zililia mpaka Bi Eulalie akazikusanya zote akazitia ndani ya tanuri baridi na kufunga mlango wake. Wiki ileile Rozell aliwarudishia Wahunzi milioni nane, si kumi na mbili, na magazeti yakaandika kwamba timu imepata mtaji wa bure.

Februari yote na Machi, kila asubuhi isipokuwa Jumapili, Rozell na Hatch walikutana kwenye ukumbi wa kanisa. Thad alipita mara kwa mara. Mwanzoni kijana alisimama kona ya kushoto na Rozell hakumpasia. Mikono ilimkatalia, mpira ukaenda kulia, ukaenda chini, ukarudi kifuani kwake. Siku moja Hatch alichoka kusubiri.

"Mzee, mimi niko hapa. Niite jina lolote unalotaka, lakini nipe mpira."

Rozell alimpa. Kuanzia siku hiyo alimpa kila mara. Alimfundisha kutazama kabla ya kuona, kumdanganya mlinzi kwa jicho moja, kumwamini mtu ambaye bado hajafika mahali pake. Wahunzi walimaliza msimu na ushindi kumi na tisa. Hatch alicheza vizuri katika mechi saba za mwisho, vibaya katika mbili. Watu bado walibishana redioni kama ile biashara ilifaa.

Asubuhi moja ya Aprili, theluji ikiwa imebaki uchafu tu kando ya barabara, Rozell hakushuka kwenda mazoezini. Odessa alipanda ngazi akamkuta ameketi kwenye ukingo wa kitanda, amevaa kiatu kimoja.

"Goti?"

"Hapana, dada." Alikuwa anasikiliza. Odessa naye akajikuta anasikiliza. Alisikia gari la taka mtaani, na mama yake akikohoa chini. "Leo ni wiki ya pili. Hajaita. Nimekwenda mpaka kwenye gari, nikakaa humo nusu saa. Hajaita."

"Si ndicho ulichokuwa unakitaka?"

Mabega mapana ya Rozell yalianza kutikisika, na mtu huyo mrefu, ambaye mazishini alisimama mkavu kama ubao huku akiwashika wengine, akalia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtu aliyeletewa habari asubuhi hiyohiyo. Odessa alipiga magoti, akachukua kiatu cha pili, akamvalisha, akafunga kamba. Hakumwambia anyamaze.

Alipotulia aliomba simu yake. Alitafuta jina moja kwa muda mrefu: Marvella Varner, mjane wa Cleon, kule Tulsa. Hakuwa amempigia tangu siku ya mazishi. Simu iliita mara nne, na Odessa alikuwa anainuka ili ampishe aliposikia, wazi kabisa katika kile chumba kidogo, sauti ya mwanamke ikiitika.

"Rozell," ilisema. "Nilikuwa nimeanza kudhani na wewe ulikuwemo kwenye lile gari."

Rozell alimshika dada yake mkono asitoke.

"Nilikuwemo, Marvella," alisema. "Ndiyo kwanza nashuka."